Hisani Haitoshi: Neno juu ya Haki ya Mjane na Binti



Kila mwaka Krismasi inapokaribia, sisi wa mtaa huu tuna desturi njema. Tunakusanya sukari, sabuni na vitenge, tunaandika majina ya wajane wetu, kisha tunawapelekea majumbani mwao. Mimi mwenyewe nimebeba vifurushi hivyo kwa miaka mingi, na sitaki mtu asome maneno haya akadhani nataka desturi hiyo ikomeshwe. La, iendelee. Lakini kuna jambo linalonisumbua moyoni, nami naona si vema kulificha, kwa kuwa linanihusu mimi kabla ya kuwahusu ninyi.

Miaka kadhaa iliyopita alifariki ndugu yetu mmoja wa ukoo. Aliacha mke, binti watatu, na shamba la migomba na kahawa. Hakuacha mtoto wa kiume, wala hakuacha wosia. Siku ya kuvunja matanga baraza la ukoo lilikaa chini ya mti, nami nilikuwa mmoja wa wazee waliokaa. Mjane hakuitwa. Alikuwa jikoni pamoja na akina mama wengine, akipika chakula tulichokula sisi tuliokuwa tukiamua mambo yake. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Lake halikuwapo.

Tukaamua kwamba shamba ni la ukoo, kwa hiyo lishikwe na mdogo wa marehemu. Mzee mmoja akauliza, "Na shemeji je?" Yule mdogo wa marehemu akajibu kwa upole, "Shemeji hatakwenda popote. Atakaa, atalima, atakula. Mimi si mtu wa kumtupa mke wa kaka yangu." Sote tulifurahi kusikia hayo. Tukaomba, tukanawa mikono, tukala, tukaenda zetu tukiwa na amani.

Nataka mjue kwamba mtu yule hakusema uongo. Alitimiza ahadi yake kwa miaka sita. Mvua ilipoezua paa la jikoni, yeye ndiye aliyeleta bati. Karo ya binti wa mwisho alisaidia kuilipa. Kisha naye akafa. Wanawe, waliokuwa wakifanya kazi mjini, hawakuwa wameahidi kitu kwa mtu yeyote. Walikuja, wakamwamkia mama yao mkubwa kwa heshima zote, wakamwarifu kwamba shamba limepata mnunuzi. Haukupita mwezi, mama yule akahamia kwa binti yake aliyeolewa, akapewa chumba cha uani.

Nilikwenda kumtazama, mkononi nimeshika kifurushi changu cha sukari. Alinikaribisha vizuri. Tukazungumza habari za mvua na za watoto. Halafu akaniambia, "Shemeji, ile mibuni ya upande wa chini niliipanda mimi, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza." Nikanyamaza. Akaendelea, "Sina neno na marehemu shemeji yangu. Alikuwa mtu mwema, Mungu amlaze mahali pema. Lakini wema wake alikwenda nao kaburini. Kama mngaliniachia shamba langu, nisingalihitaji mtu awe mwema."

Maneno hayo sijaweza kuyasahau. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja, nalo ndilo ninalowaletea leo: kuna tofauti gani kati ya kumtendea mtu hisani na kumpa haki yake?

Katika kinywa chetu maneno haya mawili hukaa karibu sana, hata tukadhani ni jambo moja. Lakini tazameni. Hisani inategemea moyo wa yule anayetoa. Akiwa na furaha, hutoa, akiudhika, huzuia, akihama au akifa, imekwisha. Haki haitegemei moyo wa mtu. Ni mali ya yule anayestahili, hata kama wengine hawampendi, hata kama hawamjui, hata kama wamelala. Ndiyo maana wazee wetu walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Waliona kwamba hata mtu usiyemtakia mema, liko fungu ambalo huna ruhusa ya kuligusa.

Tena, hisani hudai shukrani, haki haidai. Kibarua akimaliza kulima shamba langu nikamlipa fedha tulizopatana, sitegemei apige magoti. Fedha ni zake. Nikimcheleweshea, mwenye kosa ni mimi. Basi mama aliyelima shamba moja kwa miaka ishirini na miwili, akapanda, akapalilia, akachuma kahawa na kuianika, sisi tulimwambia ashukuru kwa kuruhusiwa kuendelea kulima. Tuligeuza deni letu likawa zawadi yetu.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wanaume hatulioni upesi, kwa kuwa halitupati. Mtu anayeishi kwa hisani hawezi kusema hapana. Shemeji akija na rafiki zake usiku, atainuka kuwapikia. Akiambiwa neno la kumdharau, atacheka. Akitaka kuolewa tena, ataogopa. Akiona jambo baya katika ukoo, atafumba macho. Hivyo hata pale ambapo hisani inatolewa kwa moyo safi kabisa, mpokeaji anafanywa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mtu mzima, mama wa watoto, anaishi akitazama uso wa mwingine kila asubuhi ili ajue siku itakuwaje. Hiyo si hali ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke, kama kitabu cha Mwanzo kinavyotufundisha katika sura yake ya kwanza kabisa.

Huenda mtu akasema, mzee huyu anailaumu mila. Sikatai kwamba naiuliza mila maswali, lakini nataka niitendee haki nayo. Kanuni za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba hapa Tanzania ziliandikwa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963. Humo warithi wamepangwa katika daraja tatu, na binti wamewekwa daraja la tatu, nyuma ya ndugu zao wa kiume. Kuhusu mjane, kanuni zinasema kwamba hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Angalieni neno hilo, kutunzwa. Walioliandika hawakuwa watu wakatili. Walifikiri juu ya kijiji ambamo watoto hawaondoki, na ndugu wanaishi ua kwa ua, na aibu ya kumtupa mjane ni kubwa kuliko tamaa ya ardhi. Lakini sasa watoto wako mijini, shamba lina bei, na aibu imepungua nguvu. Mila iliyotegemea kutunzwa imebaki na maneno, na watunzaji wameondoka.

Nchi yetu imeliona jambo hili, ingawa polepole. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema kwamba mwanamke aliyeolewa anaweza kuwa na mali yake, kuitunza na kuiuza, sawa na mwanamume. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, pamoja na katazo la ubaguzi.

Kisha lilikuja shauri la Bi Holaria Pastory wa Muleba. Bi Holaria alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia halali. Alipokuwa mzee, hana mtu wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiyekuwa wa ukoo. Jamaa yake wa ukoo akamshitaki, akisema kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuliuza. Shauri lilifika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwezi wa Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo ni ubaguzi uliokatazwa na Katiba, na kwamba mwanamke ana uwezo wa kuuza kama mwanamume.

Hapa nataka tukae kidogo, maana hofu ya ukoo si hofu ya kijinga. Shamba kwetu si udongo tu. Humo wamelala baba zetu. Mtu anapoogopa kwamba binti ataolewa mbali na makaburi ya babu yake yataangukia mikononi mwa wageni, tusimcheke. Biblia yenyewe haikumcheka. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, tunasoma habari za binti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume. Binti hao hawakukaa jikoni wakingoja kusikia wazee wameamua nini. Walikwenda wenyewe mpaka mlangoni pa hema, wakasimama mbele ya Musa na kuhani na wakuu na mkutano wote, wakadai milki katikati ya ndugu za baba yao. Hawakuomba waonewe huruma. Musa hakuwakemea kwa ujasiri wao, wala hakuwajibu kwa haraka. Alilipeleka neno lao kwa Mungu, na jibu likawa kwamba binti hao wamesema kweli, na wapewe.

Lakini habari haiishii hapo. Katika sura ya 36 wazee wa ukoo wakaja na hofu yao, ile ile tunayoisikia vijijini kwetu hata leo: binti hawa wakiolewa katika kabila jingine, urithi wetu utahama pamoja nao. Nao pia wakasikilizwa. Binti wakaambiwa waolewe na watu wa kabila la baba yao. Sitawaficha kwamba sharti hilo liliwabana, wala kwamba sheria ile ilimpa binti urithi pale tu alipokosekana mtoto wa kiume. Mlango ulifunguliwa nusu. Lakini zingatieni jambo hili: ukoo ulisikilizwa, na binti hawakunyang'anywa. Hakuna aliyewaambia, "Kwa kuwa ndugu zenu wana hofu, rudisheni shamba, nasi tutawatunza."

Hata katika hukumu ya mwaka 1990 ukoo haukutupwa. Kwa desturi ya Kihaya, mwanamume akiuza shamba la ukoo, ndugu zake wanaweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Jaji alisema desturi hiyo sasa iwahusu wanaume na wanawake sawasawa, akawapa ndugu wa Bi Holaria miezi sita walikomboe shamba kwa zile shilingi 300,000. Mimi naona hekima kubwa hapo. Ikiwa ukoo unalipenda shamba la babu, ukoo na uonyeshe mapenzi yake kwa kulipa. Mapenzi ya ardhi ambayo gharama yake inalipwa na mjane na binti peke yao si mapenzi ya ardhi. Ni kupenda cha bure.

Mwaka 1999 zilitungwa sheria mpya za ardhi. Zinasema kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila ya kijijini inayowanyima wanawake haki hiyo ni batili. Hata baraza la ardhi la kijiji, lenye watu saba, lazima liwe na wanawake watatu. Hivyo nchi moja ikawa na kanuni mbili zinazovutana: ya ardhi inayosema apewe, na ya urithi ya mwaka 1963 inayosema atunzwe. Wajane wawili walijaribu kulimaliza jambo hili mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni za urithi zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikiogopa kwamba mila zote zingeanza kufunguliwa mashitaka. Rufani yao ilianguka mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe katika hati ya mahakama. Ndipo wakaenda katika kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mwaka 2015 kamati iliona kwamba wajane hao wamekosewa, na kwamba sheria zinapaswa kurekebishwa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili mtu asiseme kwamba usawa wa wanawake ni jambo lililoletwa na wageni kutoka Ulaya. Hao waliodai ni mama zetu, mmoja wa Muleba, katika mahakama zetu. Na Ulaya wenyewe hawakuzaliwa wakijua. Uingereza ilingoja mpaka mwaka 1882 ndipo sheria ikamruhusu mke kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe. Haki haina kabila. Kila taifa hujifunza kwa kuchelewa, na wanaoumia katika kuchelewa huko ni wale wasio na sauti barazani.

Wengine watasema kwamba Mtume Paulo aliwaagiza wake wawatii waume zao. Wasome na mstari unaotangulia, ambao unawaagiza Wakristo wote kunyenyekeana. Wala sijaona mahali ambapo Paulo alisema mjane amtii shemeji yake katika kupoteza nyumba. Ninachokiona katika Injili ni maonyo makali juu ya watu wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakiomba sala ndefu. Siku ile chini ya mti, sala ya kufungia kikao niliiomba mimi.

Sasa niwaambie ya nyumbani kwangu. Mwaka jana niliwaita wanangu wote, wa kiume na wa kike, pamoja na mama yao, nikawaeleza ninavyotaka shamba langu ligawanywe: mama yao kwanza, kisha watoto wote sawa. Mwanangu wa kwanza hakupendezwa. Alisema, "Baba, dada watakuwa na mashamba kwa waume zao. Watarithi mara mbili." Nikamwuliza, "Mume wa dada yako akifa leo, ndugu zake watamwachia shamba?" Akafikiri, akasema hajui. Nikamwambia, "Basi yeye naye hajui. Kule watamwambia shamba ni la ukoo, arudi kwao. Hapa wewe utamwambia kwao ni kule alikoolewa. Sasa kwao ni wapi?" Hakunijibu. Sitadai kwamba amekubali. Ni mtu mwenye heshima, amenyamaza, na pengine nikishakufa atayasema aliyonayo. Ndiyo sababu sikutegemea moyo wake, ijapokuwa ni mwema. Nimeandika wosia.

Ndugu wanaume, hili liko katika uwezo wetu wala halingoji Bunge. Andika wosia ungali na akili timamu na afya, mbele ya mkeo, pamoja na mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo. Ukiona mashaka, muulize mwanasheria au watu wa ustawi wa jamii namna iliyo sahihi, maana wosia ulioandikwa vibaya huzaa kesi. Shamba likipimwa kijijini, hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina mawili, lako na la mkeo. Na ukiitwa katika baraza la ukoo, kabla halijaanza uliza, "Mwenye jambo yuko wapi?" Mjane akiwa jikoni, kikao kisianze.

Nanyi akina mama, msidhani kwamba msimamizi wa mirathi ni lazima awe shemeji. Mjane mwenyewe anaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi. Umoja wa Akina Mama ukimsindikiza mwenzao siku hiyo, utakuwa umemfariji kuliko kwa matanga ya wiki nzima. Na ninyi mama wakwe, mnapokaa na ndugu wa mwana wenu aliyefariki, kumbukeni kwamba ninyi nanyi mlikuja katika ukoo huo mkiwa wageni.

Krismasi ijayo nitabeba tena vifurushi, Mungu akinipa uzima. Lakini nimeiomba halmashauri ya kanisa letu jambo moja, nami nawaomba ninyi mniunge mkono. Tunapoandika orodha ya wajane, tusiandike jina na idadi ya watoto peke yake. Tumwulize kila mmoja, "Mama, nyumba hii unayokaa ni ya nani? Na shamba unalolima liko kwa jina la nani?" Tuandike jibu lake. Halafu, kabla hatujampa sukari, tutazame katika orodha hiyo kama miongoni mwetu tunaogawa yuko mtu aliyekaa katika baraza lililomfikisha hapo.

Mimi nitajikuta humo.

Ni mimi, mmoja wa wazee wa kanisa.